Albamu ya Kwanza ya Jackie Gleason: Music for Lovers Only (Capitol, Marekani, 1952)

Kwa kuwa Gleason, mchekeshaji wa televisheni, hakujua kusoma nota, wapo wanaosema albamu hii si yake. Ni kweli kwamba nota ziliandikwa na wengine, na sauti inayobeba nyimbo ni tarumbeta ya Bobby Hackett, mwanajazi mahiri. Lakini wazo lilikuwa la Gleason: kuchukua nyimbo zilizokwisha kupendwa, kama “My Funny Valentine”, kuziondolea maneno, kuzipunguza mwendo na kuiweka tarumbeta juu ya fidla nyororo.

Wengine huudharau muziki huu kwa wepesi wake. Hata hivyo, utulivu wake hudai nidhamu kubwa kwa kila mpigaji. Kiongozi wa bendi, hata asiyesoma nota, hupimwa kwa sikio lake, na sikio la Gleason lilikuwa na shabaha.