Kipimo cha Widal

Kipimo cha Widal ni kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili dhidi ya *Salmonella Typhi*, bakteria wa homa ya matumbo (taifodi). Kimepewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896.

Tone la seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, huchanganywa kwenye kibao na tone la bakteria waliouawa, kisha kibao hutikiswa taratibu kwa dakika moja hivi. Mchanganyiko ukifanya chengachenga, kingamwili zipo. Ukibaki laini, hazikuonekana. Hupimwa kingamwili dhidi ya antijeni mbili: O ya ukuta wa bakteria na H ya vijimkia vyake. Njia ya mirija huzimua seramu hatua kwa hatua (1:20, 1:40, 1:80, 1:160) na ni ya kuaminika zaidi, ila huchukua saa nyingi.

Kingamwili huchelewa kuonekana takriban wiki moja tangu homa ianze, na hudumu miezi baada ya kupona au kuchanjwa. Malaria na salmonela nyingine huweza kuleta jibu chanya la uongo. Kwa hiyo katika mji kama Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, mpakani na Goma, ambako malaria nayo ipo, jibu moja la 1:160 halitoshi. Kinachotakiwa ni sampuli mbili za nyakati tofauti zikionyesha ongezeko la mara nne la kingamwili, jambo gumu kwa mgonjwa asiyerudi. Utafiti wa watoto huko Muheza, Tanzania, uliochapishwa 2010, ulionyesha kuwa majibu chanya mengi hayakuwa taifodi. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu ndiko kunakopendekezwa.