Reli Isiyo na Jirani

Askari wa zamu upande wa Kabeza, jijini Kigali, huziona ndege zikitua Kanombe, lakini hajapata kusikia king'ora cha gari moshi. Rwanda haijawa na reli hata siku moja. Wajerumani walikusudia kuileta kutoka Tabora hadi pindo la mto Kagera. Vita vya mwaka 1914 vikaikatiza kazi ingali changa. Mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli kutoka Isaka hadi Kigali. Basi yafaa kuikumbuka reli moja ya nchi jirani, iliyojengwa haraka ikafa haraka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mashamba makubwa ya karanga Tanganyika, na Nachingwea, kusini, ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mwaka 1949 treni ilifika huko kutoka Mkwaya, karibu na Lindi; baadaye njia ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Reli hiyo ilikaa peke yake kama kisiwa. Haikuungana na Reli ya Kati wala na ile ya Tanga, na tumaini lake lote lilikuwa zao moja.

Zao lenyewe halikutokea. Mashamba yalifunguliwa kabla ya udongo na mvua kupimwa vya kutosha. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, ikafuta hasara ya paundi milioni 36. Reli ikabaki ikitafuta mzigo. Haikupata wa kuitosha, na mwaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza, na Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Mahali palipojengewa reli kwa ajili ya karanga pakahitaji chakula, dawa na silaha, na reli haikuwapo tena.

Mwanajeshi anaelewa jambo hili kuliko wengi. Njia ya ugavi haiwekwi siku ya haja, wala haidumu kwa shehena ya aina moja. Reli huishi kwa wakulima, viwanda, masoko na bandari inazoziunganisha kila siku ya amani. Ikitunzwa hivyo, siku ya dhiki itakuwapo.