Evian, Mji wa Kando ya Ziwa

Kusini mwa ziwa la Léman, upande wa Ufaransa, umekaa mji wa Evian, na ng'ambo yake, katika Uswisi, yaonekana matuta ya mizabibu ya Lavaux, ambayo asili yake yarejea karne ya 11, na ambayo watawa waliyajenga kwa kuta za mawe, wakasaburi taabu ya mlima kwa ajili ya mvinyo. Uwanja wa gofu wa Evian ulianza mwaka 1904, na 1909 ikafunguliwa hoteli ya Royal, iliyokusudiwa Mfalme Edward VII wa Uingereza, naye, kwa kudra yake Mola, akafariki mwaka wa pili asiwahi kulala humo.

Lakini msomaji asidhani kwamba mahali hapo hapakuwa na jambo ila anasa. Kwani katika hoteli iyo hiyo, Julai 1938, wajumbe wa mataifa 32 waliketi siku kumi kushauriana habari za Mayahudi waliokimbia dhuluma ya Hitler, na karibu wote, baada ya maneno mengi ya huruma, wakafunga milango yao, isipokuwa Jamhuri ya Dominika iliyojitolea kupokea watu wengi. Aibu hiyo haikufutwa na uzuri wa ziwa. Tarehe 18 Machi 1962, mjini humo humo, Ufaransa na wapigania uhuru wa Algeria walitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita.