Mwenye Nyumba Asiye na Ardhi

Kiswahili kina neno moja linalobeba mizigo miwili: kodi. Mpangaji anamlipa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba naye anailipa serikali kodi. Mgeni anayejifunza lugha hii huchanganyikiwa hapo, lakini aliyewahi kuishi uswahilini haoni ajabu. Kwake ni pesa ileile inayobadilisha mikono.

Neno la pili la kuangalia ni mwenye nyumba lenyewe. Waingereza wanamwita mtu huyu kwa jina lililobeba ardhi ndani yake, kana kwamba nyumba ni nyongeza tu. Sisi tumeishia kwenye nyumba. Hatujamwita mwenye ardhi, wala mwenye kiwanja. Ukiifuata historia ya Dar es Salaam, utaona jina hilo halikuja kwa bahati. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mtu wa kawaida katika mji huu ameruhusiwa kumiliki kuta, bati na choo cha uani, wakati ardhi iliyo chini ya kuta hizo ikiwa mikononi mwa mwingine.

Mji wenyewe ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapo makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo. Mwaka 1898 walianzisha kodi ya nyumba, na kuanzia hapo kuwa na nyumba kukawa ni kuwa na deni. Baadaye wakaja na kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya majengo. Kwenye karatasi, kanuni hizo zilizungumzia vifaa na ubora wa nyumba. Kwa vitendo ziligawa watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Muda mfupi kabla ya vita ya 1914, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba lililokuwa nyuma ya mji ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita ikaja, Waingereza wakaingia na kupiga hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo.

Waingereza waliendeleza mpango walioukuta. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na aliyejenga juu yake aliendelea kulipia kiwanja. Nyumba ilikuwa yake, ardhi ilikuwa ya serikali. Na juu ya viwanja hivyo ikajengwa mashine ya kiuchumi ambayo wanahistoria wa majengo wanaisifu kwa usanifu wake, ila mara chache wanaisifu kwa hesabu zake. Naizungumzia nyumba ya vyumba sita.

Ramani yake wengi tunaijua hata bila kuchorewa. Baraza mbele, ukumbi katikati kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma kuna uani, jiko, stoo na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Akizidiwa na maisha, anahamia chumba cha nyuma na kupangisha kile cha mbele, maana cha mbele kinaweza kuwa duka. Nyumba ilijengwa kidogokidogo: miti na udongo kwanza, lipu baadaye, makuti yakapisha madebe, madebe yakapisha bati. Pango la chumba cha kwanza lilisaidia kumalizia cha tatu. Hapakuwa na benki ya kumkopesha Mwafrika asiye na hati, kwa hiyo mpangaji ndiye aliyekuwa benki.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 afisa mmoja wa kikoloni, J.A.K. Leslie, alifanya utafiti mkubwa kuhusu maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam. Ulichapishwa kama kitabu mwaka 1963, na mpaka leo anayetaka kuijua Dar ya zamani hawezi kukikwepa. Kwenye sensa ya 1957 mji ulikuwa na watu karibu 128,000. Wengi wao walikuwa wageni kutoka bara waliokuja kutafuta kazi, na waliopokelewa na mji huu kupitia mlango wa mtu aliyekuwa na chumba. Mwenye nyumba hakuwa tajiri wa mbali anayetuma karani mwisho wa mwezi. Alikuwa anachota maji kwenye bomba lilelile na kupanga foleni kwenye choo kilekile. Miongoni mwao walikuwamo wanawake: wajane, waliotalikiwa, waliouza vitumbua na pombe mpaka wakapata bati. Kwa mwanamke wa mjini ambaye hakuwa na nafasi ya kuajiriwa ofisini, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo pensheni.

Uhuru ulipokuja, suala la ardhi lilikuwa limeshajadiliwa. Mwaka 1958 Julius Nyerere alikuwa ameandika kijitabu, *Mali ya Taifa*, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa moja kwa moja. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu wa ardhi ulifutwa na kugeuzwa kuwa upangaji wa muda mrefu kutoka serikalini. Kwa maana hiyo, kila mwenye nyumba nchini akawa mpangaji wa serikali. Wakati huohuo Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilianza kubomoa nyumba za udongo katika maeneo kama Magomeni na kujenga za matofali ya saruji kwenye viwanja vilevile.

Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Watu wengi wanalikumbuka kwa mabenki na viwanda kutaifishwa. Lakini katika masharti yake kwa viongozi mlikuwamo sharti lililogusa hasa uani: kiongozi wa TANU au wa serikali hakutakiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Kupangisha kuliwekwa kwenye fungu moja na kuwa na hisa kwenye makampuni na kupokea mishahara miwili. Katika lugha ya siasa ya wakati ule, mpangishaji alikuwa na mrija.

Sharti hilo lilikuwa na mantiki yake. Kiongozi anayetunga sheria ya pango huku akikusanya pango ni hakimu katika kesi yake mwenyewe. Lakini lilimkuta kila mtu mahali tofauti. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alikuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka huohuo alijiuzulu Kamati Kuu. Wengi wamemsoma kama mtu aliyeshindwa na ujamaa. Mimi namsoma pia kama mwanamke wa Uswahilini aliyeambiwa kwamba njia pekee ambayo wanawake wa mitaa yake walikuwa nayo ya kujiwekea akiba sasa ni unyonyaji. Mwenzake aliyesoma angebaki na mshahara. Yeye angebaki na nini?

Pigo kubwa zaidi lilikuja Aprili 1971. Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo: jengo lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ambalo mwenyewe hakulikalia lote, likawa mali ya serikali. Fidia ilihesabiwa kwa umri. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa kitu. Msajili wa Majumba akawa ndiye mwenye nyumba, na wapangaji wakaanza kupeleka kodi kwake.

Wengi kabisa wa walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Kiasia. Katikati ya mji, ukiinua macho mpaka ghorofa za juu, bado utakuta majengo yaliyoandikwa jina la familia na mwaka wa kujengwa. Baadhi ya familia hizo ziliwekeza jasho la vizazi viwili katika duka la chini na vyumba vya juu. Nyingi zilifunga mizigo kwenda Uingereza na Canada. M.G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Canada, ametuachia *The Gunny Sack* na *Uhuru Street*, vitabu ambavyo ndani yake mtaa wa maduka na maghorofa unasimuliwa na watu waliokaa ndani yake. Kwa upande wa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya 1975 anamwonyesha Tumaini, ambaye shamba lake linachukuliwa kwa ajili ya ujamaa, na mwisho wake ni damu. Huyu ni mtu wa shamba, si wa maghorofa, lakini swali ni lilelile: anayenyang'anywa alichokijenga hubaki nani?

Tuitendee haki na sheria yenyewe. Kwa mpangaji wa mwaka 1971, hasa Mwafrika aliyekuwa hawezi hata kuota kukaa katikati ya mji, mlango ulifunguka. Ila kodi ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kulitunza jengo. Mabomba yakavuja, lifti zikasimama, rangi ikababuka. Sheria za kudhibiti pango zilikuwapo tangu enzi ya Vita vya Pili vya Dunia na zikaandikwa upya 1984. Lakini bei ikikatazwa kupanda mchana, hupanda usiku. Ndipo kilemba kikashamiri: pesa ya pembeni anayolipwa anayeondoka, au anayeshika ufunguo, ili jina libadilike. Kodi rasmi ilibaki ya serikali, bei halisi ikawa kwenye bahasha.

Angalia sasa nani hakuguswa. Nyumba ya vyumba sita haikufika shilingi 100,000. Sheria ilimlenga mwenye nyumba mkubwa ikampita mdogo, na mdogo ndiye aliyeupokea mji uliokuwa unafurika. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuiboresha Manzese. Benki ya Nyumba, THB, ilikopesha wachache, kisha ikafa mwaka 1995. Waliobaki walijenga kama babu zao wa Kariakoo: tofali kwa tofali, na pango la chumba kimoja likimalizia kingine.

Milango ya siasa ilifunguliwa Februari 1991. Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, kupangisha nyumba kukiwamo. Mwaka mmoja kabla yake, Msajili wa Majumba alikuwa ameunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti pango ikafutwa. Mzunguko ukakamilika: aliyekatazwa kupangisha kwa sababu ni kiongozi sasa anapangisha bila kificho, na mpangaji hana tena sheria ya kuzuia bei. Kariakoo yenyewe ilianza kupoteza nyumba zake za vyumba sita. Mjukuu wa mwenye nyumba anaingia ubia na mwenye mtaji, wanabomoa, linapanda ghorofa. Chini fremu, juu stoo na vyumba. Baadhi ya familia zilitoka na ghorofa zima, nyingine na ugomvi wa mirathi.

Leo Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na soko la vyumba lina lugha yake: chumba single, chumba na sebule, masta, selfu, tiles, fensi, umeme wa kujitegemea. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anataka miezi sita, mara nyingine mwaka mzima. Viongozi wamelikemea jambo hilo mara kwa mara, na mpangaji anayeanza kazi analiona ni ukatili mtupu. Analipwa mshahara kwa mwezi, anadaiwa pango kwa nusu mwaka, kwa hiyo anakopa kabla hajaanza kuishi.

Ni ukatili kweli. Lakini ukisoma historia, utaona pesa hiyo inakwenda wapi. Sheria ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, miaka kumi na mitatu baada ya THB kufa, na riba zake ziko juu ya uwezo wa muuza mchele wa Mbagala. Kwa mwenye nyumba mdogo, miezi sita ya wapangaji watatu ndiyo mabati ya banda la uani. Mpangaji bado ni benki, kama alivyokuwa babu yake, isipokuwa benki hii hailipwi riba na inaweza kupewa notisi.

Na kodi ile nyingine, ya serikali? Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye Luku. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sheria inasema ni deni la mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme ni anayekaa ndani. Mpangaji anaingiza namba kwenye mita, uniti zinakuja pungufu, na mwenye nyumba akikumbushwa arudishe, anacheka au anakasirika, inategemea na mtu. Neno letu moja lenye mizigo miwili limetimia: kodi zote mbili zinatoka mfuko mmoja.

Kila utawala uliopita hapa ulikuwa na mpango kuhusu mwenye nyumba. Mmoja ulimtenga mtaa, mwingine ukamwita mnyonyaji, mwingine ukamwachia soko. Hakuna uliomkopesha kwa riba anayoiweza, na hakuna uliompa mpangaji mkataba ambao unaweza kumlinda bila kumfukuza. Wameachiwa wenyewe wawili hao, ukumbini, wakibishana kuhusu bili ya maji. Mpaka hapo patakapobadilika, mji utaendelea kujengwa hivi: pagale la vyumba viwili, mmoja anakaa, mwingine ameshalipia miezi sita kabla dirisha halijawekwa.