Buttersworth na Matanga ya Matajiri: Fani Inaficha Nini?

Katika semina zetu za fasihi tumezoea kumwuliza mwandishi: unamwandikia nani, na nani anakulipa? Mchoraji naye hana budi kuulizwa vivyo hivyo. Makala haya yanamtazama James E. Buttersworth, Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake Marekani akichora yoti, yaani mashua za matanga za starehe na mashindano.

Buttersworth alizaliwa mwaka 1817 katika ukoo wa wachoraji wa bahari. Thomas Buttersworth, aliyemtangulia, alikuwa baharia wa jeshi la Uingereza kabla ya kushika brashi. Katikati ya miaka ya 1840 James alihamia Marekani, akaishi West Hoboken, New Jersey, ng'ambo ya mto ukitokea New York. Riziki haikuwa mbali: Klabu ya Yoti ya New York ilianzishwa mwaka 1844, na jengo lake la kwanza lilikuwa huko huko Hoboken.

Mwanzoni alichora sana meli za biashara zenye kasi zilizoitwa klipa, na kampuni ya Nathaniel Currier ikachapa baadhi ya picha hizo. Mwaka 1851 yoti iliyoitwa America iliwashinda Waingereza katika kuzunguka kisiwa cha Wight. Kikombe ilichokitwaa ndicho kilichozaa mashindano ya Kombe la Amerika, na Buttersworth akayafuata kwa brashi hadi pambano la Vigilant na Valkyrie II mwaka 1893. Alifariki mwaka 1894. Kazi zake zinazojulikana ni kama 600 hivi.

Tuje kwenye fani. Upeo wa bahari ameuweka chini, mbingu ikapata nafasi kubwa. Mawingu meusi yanatisha, halafu mwanga unaangukia matanga. Kamba amezichora moja moja, na tanga limejaa upepo kweli kweli. Nahodha wa jahazi wa Lamu akiitazama picha atakwambia upepo unatoka wapi. Lakini watu je? Mabaharia ni vidoa tu sitahani. Mwenye chombo anatambulika kwa bendera yake. Mvuta kamba hana hata uso.

Hapo ndipo penye utata. Desemba 1866 yoti tatu, Henrietta, Fleetwing na Vesta, zilishindana kuvuka Atlantiki, kila moja ikiwekewa dau la dola 30,000. Mabaharia 6 wa Fleetwing walisombwa na wimbi wakafa. Aliyeshinda ni James Gordon Bennett mdogo, mwenye Henrietta. Bennett huyo huyo, wa gazeti la New York Herald, ndiye aliyemtuma Stanley kumtafuta Livingstone, msafara ukatoka Bagamoyo hadi Ujiji mwaka 1871. Stanley na Livingstone kila mtoto wa shule anawajua. Wapagazi waliobeba mizigo, ukimwondoa Bombay na wachache wengine, nani anawataja? Basi wale waliozama Atlantiki na hawa waliochubuka mabega njiani wote walihudumia mifuko ya matajiri.

Wapo watakaosema: mchoraji alikuwa anatafuta mkate wake, kwani angefanyaje? Wengine watasema sanaa ya mabwanyenye itupwe jalalani. Mimi siafikiani na upande wowote. Wa kwanza wanasahau kwamba udogo wa baharia katika picha si suala la vipimo tu. Ni maudhui, tena ni msimamo wa kitabaka. Wa pili nao hawazitazami zile kamba. Kila kamba iliyokazwa ina mkono ulioikaza. Kwa kuwa Buttersworth alikuwa mkweli kwa chombo, kazi ya wale aliowanyima sura imebaki pale pale, mbele ya macho ya tajiri aliyeinunua picha.

Kwa hiyo fani inaweza kumsaliti mfadhili wake, mradi msanii asidanganye kuhusu kazi yenyewe. Nadhani kigezo hiki kinatufaa hata nyumbani. Utendi wa Tambuka ulitungwa na Mwengo kwa agizo la mfalme wa Pate. Je, tumeusoma kwa kumtafuta mfalme tu, au tumewahi kuwatafuta waliokuwa wakivuta kamba?