Kutoka Mnazi Mmoja hadi Getini: Mji wa Dar es Salaam na Mipaka Yake

Mchungaji anayetumwa leo kuhudumu Dar es Salaam hukutana na kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu yake, na mlinzi asiyefungua geti mpaka apate ruhusa ya waliomo ndani. Wengi hudhani kwamba hali hii imeletwa na wezi na utajiri wa juzi. Sisi tunaona kwamba mizizi yake ni ya kale zaidi, na kwamba Kanisa letu lilikuwapo ilipopandwa.

Wajerumani walipoufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizougawa kwa aina ya nyumba. Mashariki, penye upepo wa bahari, zilitakiwa nyumba imara za mtindo wa Ulaya; zile za udongo na makuti zikasukumwa magharibi. Waingereza, walioutwaa mji Septemba 1916, waliendeleza mpango huo kwa kanda tatu, ambazo wananchi waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Moyo wa Uswahilini ulikuwa Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita. Kati ya Kariakoo na Uhindini paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya, eti maradhi ya Mwafrika yasivuke. (Uwanja huohuo baadaye ulijaa watu wa mikutano ya TANU, waliopanga utupu ule hawakuliwazia hilo.)

Jambo ambalo sisi tunaofundisha historia ya Kanisa hatuna budi kulitazama kwa makini ni kwamba kanuni hizo hazikuhitaji kutaja rangi ya ngozi. Zilitaja vifaa vya ujenzi. Ilitosha, kwa maana mshahara wa kibarua haukuweza kusimamisha nyumba ya mawe, hivyo hapakuwa na haja ya mtu kumwambia kwamba hatakiwi. Kanisa la Azania Front, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya 1898 na 1902, lilisimama mbele ya bandari, katika sehemu ile ya Wazungu. Mkristo wa Kiafrika aliweza kuingia kuabudu. Kuishi jirani na kengele yake ilikuwa habari nyingine.

Baada ya Uhuru, nyumba za Oysterbay zilihamiwa na viongozi wetu wenyewe, na mpaka wa rangi ukawa wa cheo. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani kubwa na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Hatua hiyo iliwagusa zaidi wenye majumba wa Uhindini. Uswahilini haikupata mabomba kwa sababu hiyo.

Wakati huo mji ulikuwa ukifurika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Bei ya kiwanja sasa hufanya kazi iliyofanywa na kanuni za 1891, nayo pia haimtaji mtu.

Sisi tumekwenda alfajiri kwenye sala za jumuiya katika mitaa hiyo ya mageti. Ndani tulikuwa wanne. Aliyetufungulia alikuwa Mlutheri mwenzetu, aliyekuja kwa daladala mbili kutoka usharika mwingine. Tulipoanza wimbo, alibaki kibandani pake, kwa kuwa zamu yake haikuwa imekwisha.