Habari za Watoto wa Shule ya Perry

Katika kukumbuka kazi ya walimu, twaona vema kuwapasha wasomaji habari za mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, nchi ya Marekani. Huko watoto wengi wa Wamarekani weusi waliokuwa maskini walikuwa wakishindwa masomo na kurudishwa darasa, hata watu wakanena ya kuwa akili zao ni pungufu. Bwana David Weikart, aliyefanya kazi katika ofisi ya shule za mji ule, hakuliridhia neno hilo. Mwaka 1962 yeye na wenzake wakafungua darasa la watoto wa miaka 3 na 4 katika shule ya Perry.

Watoto walioandikwa walikuwa 123. Kwa jinsi ya kura, 58 walitiwa darasani, na 65 hawakutiwa, ili baadaye walinganishwe.

Darasani mtoto aliulizwa: Leo wataka kufanya nini? Akachagua kazi yake, akaitenda, kisha akasimulia jinsi alivyoifanya. Mwalimu hakumwamuru, wala hakumwacha ovyo. Alimsaidia kulishika shauri lake mwenyewe. Tena kila juma mwalimu alikwenda nyumbani, akaketi na mama na mtoto muda wa saa moja na nusu.

Mwanzo vipimo vya akili vilipanda, watu wakafurahi. Lakini baada ya miaka michache tofauti ile ikatoweka, na kazi ikaonekana kuwa ya bure. Hata hivyo wachunguzi hawakuacha, wakawafuata watoto wale mpaka umri wa miaka 40. Ndipo ilipojulikana ya kuwa katika kila 100 waliofundishwa, 77 walimaliza shule ya sekondari. Katika wale wengine, 60. Waliokamatwa na polisi mara 5 au zaidi walikuwa 36 katika mia. Katika wale wengine, 55.

Darasa lile lilikuwa dogo, wala halikuondoa umaskini wa mji. Lakini latuonya tusimhukumu mtoto kwa mtihani mmoja. Wahenga walinena, Samaki mkunje angali mbichi. Na watoto hawa walifundishwa kujiongoza wenyewe. Basi sisi walimu na wazazi yatupasa kumwuliza mtoto asubuhi nia yake, na jioni kumsikiliza akitoa hesabu ya kazi yake. Jambo hili halidai fedha nyingi; ladai subira, maana matunda yake hayaonekani upesi.